Mtoto wetu aliishi siku sita, na sasa mama mkwe anataka kumpa mwingine jina lake

Kwako Mama Mshauri,

Pokea salamu nyingi kutoka Kaptembwo, Nakuru. Nina miaka 31, nimeolewa Webuye, na mume wangu ni fundi wa kuchomelea vyuma hapa mjini. Tuna msichana mmoja, Nekesa, yuko gredi ya kwanza. Nakuandikia kwa sababu hapa nyumbani hakuna anayeniuliza hali, na nikianza kusema mwenyewe watu hushika simu zao.

Mwezi wa Aprili nilijifungua mtoto wa kiume. Mimba ilikuwa ya wiki 29. Presha ilikuwa imepanda, miguu imevimba, naona nyotanyota machoni. Nilipofika hospitali daktari akasema tukingoja zaidi tutakufa sote wawili, nikapasuliwa usiku huo huo. Mtoto alitoka na gramu 1,100. Tulimpa jina la babu yake mzaa baba, Barasa. Mama mkwe mwenyewe ndiye aliyelitaja kwa simu kabla hata sijazindukana vizuri, akapiga vigelegele.

Barasa alikaa siku sita. Nilimbeba kifuani mara mbili, ngozi kwa ngozi, wanavyoita kangaruu. Alikuwa na kofia ya sufu ya bluu iliyomzidi kichwa, muuguzi akaikunja mara mbili isimfunike macho. Mara ya pili alikishika kidole changu, akakibana hadi wakaja kumchukua. Siku ya sita alfajiri wakaniita.

Mimi presha ilikuwa bado juu na mshono ulikuwa umeingia usaha, sikuruhusiwa kutoka. Baba Nekesa alipopiga simu nyumbani aliambiwa mtoto wa siku sita hangojwi, aletwe. Akakodi gari, wakamsafirisha usiku yeye na kaka yake mpaka Webuye, na asubuhi akazikwa kabla jua halijapanda. Sikuona. Sijui alifunikwa na nini. Niliporuhusiwa kwenda nyumbani wiki moja baadaye, nilikuta nguo zake zote, beseni na neti yake ndogo vimeondolewa. Mama mkwe alikuwa amekuja, akavifunga kwenye mfuko akawapa watu, eti hataki nirudi nikutane na vitu vya kuniumiza. Kilichobaki ni kitabu cha kliniki kwa sababu kilikuwa kwenye mkoba wangu. Kwenye ile chati ya ukuaji kuna nukta moja tu. Na maziwa niliyokuwa nikimkamulia yaliendelea kuja kama wiki mbili hivi. Naamka leso imelowa.

Sasa hakuna anayemtaja. Mama mkwe akipiga simu husema, "Wewe bado una nguvu, utapata mwingine. Sisi tulizika na asubuhi tukaenda shambani." Baba Nekesa akisikia jina la mtoto hutoka nje. Anarudi kazini saa nne usiku, anakula, analala. Mwezi jana nikifua suruali yake nilitoa pochi mfukoni, nikakuta ndani kile kibali cha mazishi, kimekunjwa kidogo sana mpaka kimeanza kuchanika kwenye mikunjo. Nilikirudisha. Sijamwuliza.

Anayemtaja ni Nekesa peke yake. Kukhu yake, yaani nyanya yake, alimwambia mtoto amelala. Siku hizi huja usiku akaniwekea mkono puani kuona kama napumua. Shuleni waliambiwa wachore familia, yeye akachora watu wanne, na mwalimu akanipigia simu kuniuliza huyo mdogo ni nani. Nilikosa la kujibu.

Kazini ni duka la vitambaa. Mwenye duka aliniita baada ya mwezi mmoja, akaniambia sina mtoto wa kunyonyesha kwa hiyo nikae nyumbani kufanya nini. Nikarudi. Wateja wakija kununua shali za watoto huwa namwachia mwenzangu awahudumie.

Lililonifanya nishike kalamu ni hili. Mke wa shemeji yangu, yule shemeji aliyeenda na mume wangu usiku ule, atajifungua Novemba. Wiki jana mama mkwe amesema kwenye simu, kwa furaha tu, kwamba akiwa mvulana ataitwa Barasa kwa kuwa "jina lile halikutumika". Nilimkatia simu. Sasa naambiwa nimemvunjia mama heshima, na mume wangu anasema nisilete vita kwa sababu ya jina. Mama, mimi ni mbaya? Ni haki jina la mwanangu lipewe mtoto mwingine kama vile yeye hakuja? Na nitaacha lini kujilaumu? Maana siku mbili kabla ya kulazwa nilibeba mitungi ya maji kutoka mferejini, mitungi minne.

Mama Nekesa, Kaptembwo

*

Mama Nekesa na Barasa,

Pole sana. Na hongera pia, kwa sababu ulizaa, na nina hakika baada ya vile vigelegele vya kwenye simu hakuna aliyekumbuka kukupa hongera.

Nianze na mitungi ya maji ili tumalizane nayo. Dalili ulizoeleza ni za presha ya ujauzito, na presha hiyo hailetwi na kubeba maji. Chanzo chake kiko kwenye kondo la nyuma, huanza mapema mama akiwa hajui lolote, na ikishakuwa kali dawa yake ni mtoto kutolewa. Daktari alimtoa Barasa akitaka mbaki nyote wawili. Mtoto wa wiki 29 mapafu yake hayajakomaa, hana mafuta mwilini ya kumpa joto, na maambukizi humwingia upesi. Hukumfanyia hayo wewe. Wala hauko peke yako kama unavyojiona hapo dukani: utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2022 ulionyesha kwamba katika kila watoto 1,000 wanaozaliwa hai Kenya, 21 hufariki kabla ya kutimiza mwezi mmoja. Mama zao unakaa nao kanisani, unapanga nao foleni ya maji. Hawasemi tu, kama wewe usivyosema.

Ukija kushika mimba tena, nenda kliniki mapema na ueleze yote yaliyokupata. Daktari huenda akakuanzishia aspirini ya kiwango kidogo kabla ya wiki ya 20, kwa kuwa hupunguza uwezekano wa presha hiyo kurudi. Lakini usiharakishwe na mtu. Shirika la Afya Duniani hushauri mama angoje angalau miezi 24 baada ya kuzaa ndipo ashike mimba nyingine, na wewe umepasuliwa juu ya hayo. Mama mkwe akikwambia tena "utapata mwingine", mjibu kwa upole kwamba daktari amesema mshono upone kwanza. Hilo halina ubishi na halimvunjii mtu heshima.

Sasa tuje kwa huyo mama mkwe. Nimeyarudia maneno yake: "Sisi tulizika na asubuhi tukaenda shambani." Wewe umesikia dharau. Mimi nimesikia "tulizika". Mama wa umri wake, aliyezaa Bungoma enzi ambazo zahanati zilikuwa za kuhesabu, huenda ana mtoto wake mwenyewe aliyelala nyuma ya nyumba ile, pengine wawili, na hakuna aliyewahi kumwuliza walifanana na nani. Ndivyo ilivyofanywa katika boma nyingi za magharibi. Mtoto mchanga alizikwa upesi na watu wachache, bila matanga, bila watu kukesha kwenye moto, na mama yake akapewa jembe ili akili isimzamie. Walioweka utaratibu huo walimhurumia aliyebaki hai, wakidhani kidonda kisichoguswa hupona haraka. Kukuondolea beseni na neti kulitoka huko huko. Alikosea, hapo niko upande wako kabisa, kwa sababu hakukuuliza. Lakini hebu mwone alivyokuwa siku hiyo: mama mtu mzima, chumbani kwako Kaptembwo, peke yake, akikunja nguo za mjukuu aliyempigia vigelegele wiki mbili kabla. Unadhani alizikunja akiimba?

Na hao hao wazee hawakuwa watu wa kusahau. Majina kama Makokha kwa Waluhya, au Owiti na Awiti kwa Wajaluo, hupewa mtoto aliyezaliwa baada ya ndugu zake kufariki. Mtu hubeba jina hilo mpaka uzeeni, na kila jirani anajua kuna waliomtangulia. Kwa hiyo mtu asikwambie kwamba kumkumbuka mtoto wa siku sita ni ugeni tulioletewa na simu.

Ningekuwa wewe, jambo hili nisingelijibu kwenye simu tena. Mama mkwe akipiga ana salio la dakika tatu na ndama wamefunguka. Nenda Webuye wikendi moja. Mkae naye jikoni mkichambua mboga, mikono ikiwa na kazi, umwulize: "Mama, na nyinyi mlizika nani?" Usimtaje Barasa kwanza. Ngoja amalize. Huenda akalia, huenda akakukemea, huenda akakutajia jina ambalo hata mumeo hajawahi kulisikia. Mama mkwe wa kwetu magharibi kwa kawaida hapungukiwi maneno, kwa hiyo akinyamaza kitambo, usiogope, usijaze kimya hicho kwa maneno yako. Baadaye ndipo umwambie: "Mama, mimi wangu sikumzika. Nionyeshe alipo." Muulize pia zile nguo alimpa nani. Huenda hata kipande kimoja kikapatikana. Na umwombe msamaha kwa kumkatia simu. Kwa kukata simu tu, si kwa kuumia.

Jina. Hapa pengine sitakupendeza. Jina la babu si la mjukuu mmoja. Nenda Bungoma Desemba watu wakiwa wamerudi nyumbani, simama kwenye boma kubwa uite "Barasa!" uone wangapi watageuka. Kama shemeji yako angepata mvulana mwaka juzi, naye angeitwa hivyo, na wako pia, na usingeona ajabu. Siwezi kukushauri upiganie mtoto wa Novemba anyimwe jina la babu yake. Ukishindwa utabaki na aibu, na ukishinda utakuwa umemnyima mtoto ambaye hajakukosea. Ila hilo la kwamba jina "halikutumika" ni uongo, na hilo usilikubali hata siku moja. Lilitumika siku sita. Ulimwita nalo akiwa kifuani mwako. Mama mkwe mwenyewe alilipigia vigelegele.

Wa kuzungumza naye juu ya hili ni shemeji yako. Huyu alikaa kwenye gari lile kutoka Nakuru, akapita baridi ya Timboroa, Eldoret, Turbo, mpaka nyumbani, na asubuhi pengine alishika jembe. Yeye hawezi kukuangalia usoni akasema hakukuwa na Barasa. Mwambie hivi, au kwa namna yako: "Shemeji, mtoto wenu akiitwa Barasa nitafurahi. Ninachoomba ni mje mniambie wenyewe, nisilisikie kwa njia ya pembeni. Na akipata akili aambiwe kuna Barasa aliyemtangulia." Nyumba zenye majina yanayofanana huwa na namna zao za kutofautisha, mkubwa na mdogo. Wako ndiye mkubwa. Na siku za mwanzo ulimi ukikataa kabisa kumwita mtoto huyo kwa jina lile, mwite kwa jina lake la ubatizo. Hakuna atakayekushtaki kwa wazee.

Baba Nekesa naye. Mwanamume asiyejali hatembei na kibali cha mazishi kwa miezi minne. Anavyotoka nje akisikia jina, na kuchelewa kazini mpaka saa nne, ni majonzi yamekosa mahali pa kukaa, na wanaume wetu hawakufundishwa pa kuyapeleka zaidi ya kazini na baa. Shukuru yake yalienda kazini. Halafu fikiria jambo hili. Wewe unazijua zile siku za wodini, saa kwa saa, ambazo yeye aliziona wakati wa kutembelea wagonjwa tu. Yeye ana usiku mmoja na asubuhi moja ambavyo wewe huna. Anajua sanduku lilikuwa la nini na nani alilipakata njiani. Anajua nani aliomba. Kila mmoja amemficha mwenzake nusu ya mtoto, na kila mmoja anadhani anamhurumia mwenzake.

Usimwite mkae chini mzungumze. Mwanamume akiitwa hivyo hudhani kuna deni. Mngoje ale, kisha umwulize kitu kimoja kidogo: "Alizikwa na ile kofia ya bluu?" Swali hilo linajibika kwa ndiyo au hapana, kwa hiyo hata mtu aliyefungwa koo atalijibu. Akijibu na kunyamaza, inatosha kwa siku hiyo. Kesho yake mwonyeshe ile nukta kwenye kitabu cha kliniki, umweleze walivyompima, alivyokibana kidole chako. Mwambie pia ulikiona kibali na hukukasirika. Kitafutieni bahasha ya plastiki kabla hakijachanika kabisa. Nitakwambia baadaye kwa nini.

Nekesa asicheleweshwe hata wiki. Mtoto wa miaka sita akiambiwa mdogo wake alilala na hakurudi, kulala kwenyewe huwa hatari, ndiyo maana anakagua pumzi zako. Mweleze mchana, si usiku, kwa maneno yasiyozunguka: "Barasa hakulala. Alikufa. Alizaliwa mdogo sana, mwili wake ukashindwa kufanya kazi. Mtu aliyekufa hapumui tena, hasikii baridi wala njaa, na harudi. Mimi nikilala, asubuhi naamka. Na hukufanya kosa lolote." Hayo ya mwisho usiyaruke, kwa sababu watoto wa umri huo wanaweza kuamini kwamba wivu wao au maneno waliyosema ndiyo yaliyoleta msiba. Atauliza tena kesho, na wiki ijayo, akiwa anakula uji au mko kwenye matatu watu wakisikia. Mjibu vilevile kila mara. Kukhu naye aelezwe, ili mtoto asisikie mambo mawili. Mwalimu mpigie mwambie: ni mdogo wake, alifariki Aprili, na familia ya watu wanne aliyoichora ni sahihi. Basi.

Kuhusu kumkumbuka, sipendi kukupangia. Wako wazazi wengi duniani ambao tarehe 15 Oktoba huwasha mshumaa saa moja jioni kwa ajili ya watoto waliofariki tumboni au baada tu ya kuzaliwa, na hakuna kinachokuzuia kufanya hivyo hapo Kaptembwo, hata kwa tochi ya simu stima ikipotea. Mimi nadhani kitu cha Webuye kitakufaa zaidi, kwa kuwa huko ndiko alikolala na huko ndiko hukwenda. Panga na mama mkwe na Baba Nekesa kwamba Desemba mtafika kaburini nyote, Nekesa akiwemo, mwombe, mtaje jina. Pandeni lusiola au mti mwingine ambao ng'ombe hawatausumbua, mzungushie miiba. Mke wa shemeji yako atakuwa na kichanga mkononi wakati huo. Usijilazimishe kumpakata ili watu waone umepona. Ukitaka kumpakata, mpakate. Usipotaka, msalimie mama yake, umpe zawadi, ukae upande mwingine.

Juu ya afya yako hukuandika mengi, na hilo limenipa wasiwasi kidogo. Kukwepa shali za watoto dukani, kulia ghafla, hata kudhani umesikia mtoto analia chumba cha pili, hayo huwapata wengi waliofiwa hivi. Lakini ukiona hulali usiku baada ya usiku, chakula hakipiti, Nekesa anakuwa mzigo, au mawazo ya kufa yanakuja, hata kama yanapita tu, nenda hospitali siku hiyo hiyo umwambie muuguzi au daktari maneno hayo hayo. Hospitali za kaunti zina kliniki za afya ya akili, na kwenda huko si kuchanganyikiwa. Na ile presha ipimwe tena, kwa sababu kwa baadhi ya kina mama hubaki juu hata baada ya kujifungua.

Kwa kina mama wengine mnaosoma haya, na maziwa yanawatoka sasa hivi bila mtoto wa kunyonya: msiyakamue hadi yaishe, maana mwili hudhani yanahitajika mengine. Kamua kidogo tu kifua kikikaza sana, vaa sidiria inayoshika vizuri, weka kitambaa cha maji baridi. Ziwa likiwa jekundu, gumu, na joto la mwili likipanda, hilo ni la hospitali. Ipo pia dawa ya kukausha maziwa ambayo daktari anaweza kuwapa, lakini kama ulikuwa na presha mwambie kwanza.

La mwenye duka nitalisema kwa ufupi kwa kuwa limeniudhi. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007, kifungu cha 29, humpa mwajiriwa mwanamke likizo ya uzazi ya miezi mitatu kwa mshahara kamili. Haikuweka sharti kwamba mtoto awe hai. Ulipasuliwa, ukapata usaha kwenye mshono, ukaitwa baada ya mwezi. Fika ofisi ya leba hapo Nakuru uulize; hujachelewa. Kama unaogopa kupoteza kazi, uliza kwanza bila kutaja duka.

Na sasa kile kibali. Mtoto aliyezaliwa hai, hata akiishi saa moja, sheria inataka kuzaliwa kwake kuandikishwe na kufa kwake kuandikishwe pia. Kibali ni dalili nzuri kwamba kifo kiliripotiwa, lakini usidhani, hakikisha. Nendeni ofisi ya usajili wa vizazi na vifo mkiwa na vitambulisho vyenu, kitabu cha kliniki, karatasi za hospitali na kibali hicho, muulize kama yote mawili yameingia kwenye daftari, kisha muombe cheti cha kuzaliwa na cha kifo. Miezi sita ikishapita bila kuandikishwa, lazima ipatikane idhini ya maandishi ya msajili mkuu, na hapo safari huwa nyingi. Barua yako imenifikia Agosti, kwa hiyo mna hadi mwanzoni mwa Oktoba, na msingoje wiki ya mwisho. Kabla hamjafika dirishani, kubalianeni na Baba Nekesa ataandikwa majina gani, Barasa pekee au na la ubatizo.